Meno Mawili ya Chini

Kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba moja la mahindi, nje kidogo ya Kitale, watoto bado hufungua vinywa mbele ya kigoda kisicho na mtu.

Hutokea Jumapili, sala ikiisha. Birika kubwa jeusi hutolewa mafigani, wanawake hupanga vikombe vya bati kwenye nyasi, watoto hukaa mstari. Anayefika mbele hugeukia kile kigoda, huinua uso, hupanua kinywa mpaka kimio kionekane, halafu husubiri. Hakuna anayetazama. Hufunga kinywa, hupokea kikombe chake, huenda zake. Wadogo kabisa hawajui kwa nini wanafanya hivyo. Waliwaona wakubwa wao, nao wakafuata. Kwao ni sehemu ya chai, kama moshi wa kuni.

Wanawake wenye umri hunyamaza wakati huo. Si kwamba wamekubaliana kunyamaza. Ni kwamba hapo palikuwa na sauti ya mtu, sauti ya Lenah Naliaka, ikisema, "Wewe, huko nyuma kwa magego hukufika. Rudi ukasugue." Na kwa sababu haisemi tena, wote huonekana kama wanaisubiri.

Lenah alizaliwa Bokoli, kijiji cha Wabukusu, karibu na wakati wa vita vya kwanza vya Wazungu, akaitwa Naliaka kwa kuwa mama yake alishikwa na uchungu katika msimu wa palizi. Jina la Lenah lilikuja baadaye kwa maji ya ubatizo. Baba yake, Wepukhulu, alikuwa mtu wa ng'ombe, mwenye maneno machache na meno mazuri. Meno yake yalikuwa meupe yote isipokuwa pale mbele chini, ambapo palikuwa na pengo la meno mawili. Pengo hilo walikuwa nalo watu wazima wote wa Bokoli. Siku hizo Mbukusu hakuhesabiwa kuwa amekomaa mpaka fundi amemng'oa meno mawili ya chini. Ukiuliza sababu, wengi walikwambia kwamba ugonjwa ukikufunga taya siku moja, uji utapitia pale.

Katika ukoo wa Wepukhulu, na koo nyingine pia, jambo halikuishia kwa fundi. Damu ikikauka, shangazi wa mtoto, ambaye wao humwita senge, alikuja na kitita cha vijiti vya mti mchungu unaoota kando ya mto. Alimfundisha mtoto kutafuna ncha mpaka ilainike, kusugua mbele, kusugua ndani, kwenda mpaka kwenye magego, kukwangua ulimi, kusukutua na kutema. Tangu siku hiyo mtoto alikwenda mtoni na kijiti chake kila kunapokucha, maisha yake yote. Meno mawili yalitoka na kijiti kikaingia. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba hayo ni mambo mawili.

Naliaka alikuwa msichana wa kucheka. Alicheka kwa kurusha kichwa nyuma, na mama yake alikuwa akimwambia kwamba siku moja ndege atamwingia kooni. Siku fundi alipokuja kwa watoto wa rika lake, aliona kidevu cha rafiki yake kimelowa damu, naye akakimbia. Hakusimama mpaka Malakisi, kwa ndugu wa mama yake, Manase, aliyekuwa amebatizwa na kufundishwa kusoma, na ambaye siku za sala alihubiri. Kwa Naliaka huyo alikuwa khocha, yaani mjomba, na kwa khocha mtoto hafukuzwi.

Baba yake alimfuata. Alisimama uani kwa Manase, vumbi limempanda mpaka magotini.

"Naliaka, twende nyumbani."

"Siendi, papa. Watanitoboa mdomo."

"Tumetobolewa wote. Mimi hapa, mama yako pale. Tulikufa?"

"Sitaki pengo."

Manase aliingilia. "Shemeji, Mungu alimpa huyu mtoto meno yote. Nani amekwambia alikosea hesabu?"

Wepukhulu alimtazama mdomoni. "Na yako wewe ulimpa nani?"

Maana Manase naye alikuwa na pengo. Walicheka waliokuwa karibu, na Manase akasema kwamba yake yaling'olewa kabla hajaiona nuru. Wepukhulu hakucheka. Alimgeukia binti yake.

"Basi kaa nayo. Lakini ujue senge hatakuja huku na vijiti vyake. Mdomo ambao haukufunguliwa hauna kazi na kijiti."

"Nitazeeka nayo yote," Naliaka akasema. "Utakuja uone!"

Mzee alirudi Bokoli vile vile, kwa miguu, bila kuomba hata maji. Miaka mingi ilipita kabla hawajaonana tena.

Huko Malakisi meno ya Naliaka yalikuwa ushuhuda. Manase alipohubiri, kila alipofika mahali pa kueleza maisha mapya, alimwita mbele. "Lenah, simama. Cheka, watu waone." Naye alisimama na kucheka, na watu waliokuwa na mapengo walitazama safu ile nzima kama watu wanaotazama nyumba ya kwanza ya mabati kijijini. Wasichana wengine walikataa fundi kwa sababu yake. Alikuwa na haki ya kujivuna, na alijivuna.

Baada ya mahubiri ilikuja chai. Chai ndiyo iliyomtenga mtu wa kitabu na mtu wa pombe. Wasomaji, kama Wakristo walivyoitwa, walikutana juu ya chai, walipatana juu ya chai, waliposa juu ya chai, na chai isiyokuwa tamu ilikuwa aibu ya mwenye nyumba. Sukari nguru ilitoka kwenye maduka ya Wahindi ikiwa mabonge ya rangi ya udongo, na mke wa Manase aliivunja kwa jiwe bila kuipimia. Siku moja alimwona Lenah ametia kijiti mdomoni, kijiti chochote tu alichokiokota akicheza. "Tema hiyo!" akamwambia. "Watu wa Yesu hawatafuni miti kama mbuzi." Lenah alitema. Hakuwa amefundishwa na mtu kukitumia, hivyo hakujua alichokitema.

Absalom Mukhisa, kijana aliyekuwa akiendesha maksai wa plau kwenye mashamba ya Kitale, alirudi nyumbani Krismasi moja akamwona amesimama mbele ya watu anacheka. Mpaka leo husema hakuoa msichana, alioa kicheko. Walifunga ndoa, wakaenda Kitale, wakapewa nyumba ya udongo kambini, pamoja na posho ya unga, maharagwe na sukari.

Nyumba yao ndiyo iliyokuwa nyumba ya sala. Wabukusu walikuja, Wakikuyu waliotoka mbali na jamaa zao walikuja, na wengine walikuja, kusema kweli, kwa ajili ya chai. Chai ya Lenah ilinata midomoni. Jirani yake Mwihaki, mke wa seremala aitwaye Thuo, alikuwa akisema kwamba akifa kabla ya Jumapili watu wamfufue kwanza anywe kikombe kimoja, ndipo wamzike.

Halafu kulikuwa na kitambaa. Wanawake walipalilia mahindi na watoto mgongoni, na nyapara hakutaka kusikia kilio. Lenah alibuni dawa, au aliiona kwa mwingine, hakukumbuka tena. Alifunga kipande cha sukari nguru ndani ya kitambaa safi, akakilowesha, akampa mtoto anyonye. Mtoto alinyamaza. Wenzake wakaiga, na asubuhi moja shamba zima lilikuwa kimya, mistari na mistari ya wanawake wameinama, na migongoni mwao watoto wametulia wananyonya. Ulikuwa upendo. Hilo inafaa lisemwe kabla ya mengine yote kusemwa. Mama aliyempa mwanawe kile kitambaa alikuwa amejinyima yeye mwenyewe kipande hicho.

Hivyo ndivyo alivyomlea Sellah, binti yake wa kwanza.

Jino la kwanza kumuuma Lenah lilikuwa gego la juu. Alilishindilia tumbaku iliyoletwa na mtu kutoka Malakisi, likatulia, likauma tena, likaisha lenyewe vipande vipande. Likafuata jingine. Kisha yale ya mbele juu, yale ya ushuhuda, yakaanza kuwa na ukingo wa kahawia, kama kikombe kisichosuguliwa. Hapo ndipo alipoanza kushika pindo la leso alipozungumza. Absalom, ambaye hakuwa mtu wa kuchungulia mambo, alimwambia jioni moja wakila, "Siku hizi unacheka kwa mabega." Lenah akainuka kwenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Meno ya Sellah hayakungoja utu uzima. Ya utoto yalioza, ya pili yakaota kando ya uozo ule. Wakati wa vita vya pili vya Wazungu, msichana akiwa anakaribia umri aliokuwa nao mama yake alipomkimbia fundi, shavu lake lilivimba mpaka jicho likafunga. Homa ikampanda, akaanza kuongea maneno yasiyo na mpangilio. Absalom na Thuo walimbeba kwenye machela ya magunia mpaka mjini. Jipu lilipasuliwa chini ya taya. Kwa siku kadhaa haikujulikana kama atapona, na Lenah aliketi nje ya mlango wa wodi, leso yake yote mdomoni, Jentrix, binti yake wa pili, mchanga bado, mapajani.

Dresa, yaani msaidizi wa daktari, aliyemhudumia Sellah aliitwa Wakhungu, mtu mwenye sauti ya chini na mikono iliyonuka dawa.

"Mama, huyu alinyonya nini akiwa mdogo?"

"Maziwa yangu."

"Na nini tena?"

Lenah alikunja pindo la leso. "Kitambaa."

Wakhungu hakumkaripia. Alivuta benchi akaketi. "Wote wanaoletwa kutoka mashambani walinyonya hicho kitambaa. Sukari hulala kwenye jino kama mchwa kwenye nguzo. Usipoifagia kila siku, inakula tu. Na wewe hebu nione." Lenah alitikisa kichwa. Dresa akamwacha. "Huyu mkubwa tutafanya tunachoweza. Lakini huyo mdogo yu mzima bado. Ameota?"

"Mawili."

"Wapi?"

Lenah alimfungua Jentrix mdomo kwa kidole. Yalikuwa yametokeza wiki ile, meupe kama punje changa. Mbele, chini. Yale yale mawili.

"Nisafishe na nini?" aliuliza.

"Brashi ziko dukani kwa Mhindi, kama mnaziweza. Kama hamziwezi, wazee wetu walikuwa na kijiti. Lakini usikate mti wowote tu. Mingine huchoma ufizi, mingine ina utomvu mbaya. Kaulize kwenu."

Kwenu. Shambani hapakuwa na mti ila mikaratusi ya Mzungu na waya. Alimuuliza Mwihaki, naye akasema mama yake alikuwa na mti wake, lakini yeye alilelewa misheni na hakuuliza. Sellah alirudi nyumbani na kovu la taya. Lenah alimtazama Jentrix akitafuna ukingo wa kikombe cha bati kwa yale meno mawili, na akajua kwamba itambidi aende Bokoli kwa baba yake, ambaye yeye alimwahidi kwamba atazeeka na meno yote.

Alipanda lori la mahindi mpaka Kimilili, Jentrix mgongoni, akatembea njia iliyobaki. Hakuenda mikono mitupu, kwani binti haendi hivyo kwa baba. Alibeba majani ya chai, na bonge zuri la sukari nguru ndani ya majani ya mgomba. Alifika nusu ya njia ndipo akatambua alichobeba. Hakuwa na kingine.

Wepukhulu alikuwa ameketi kando ya zizi. Senge, dada yake mkubwa, alikuwa akipepeta mtama uani. Wote wawili walikuwa wamekauka kwa uzee, lakini mzee alipofungua mdomo kusalimu, meno yake yalikuwa kama alivyoyaacha, pengo na yote.

"Ni Naliaka?"

"Ni mimi, papa."

"Mbona unazungumza umejifunika kama bibi harusi?"

Alishusha leso. Ungo wa senge ukasimama hewani.

"Mayi wee!" alisema senge. "Yuko wapi yule wa kuzeeka nayo yote? Na hata uzee wenyewe haujafika!"

"Nyamaza, dada," alisema Wepukhulu. Alimwita binti yake akaribie, akamshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga kama mtu anayetazama ndama. Alitazama muda mrefu.

"Mawili ya chini yapo."

"Yapo, papa."

"Hata hayajabadilika rangi."

"Hayajabadilika."

"Haya ndiyo tungekutoa."

Akamwachia kidevu, akageuza macho kwa ng'ombe. Lenah alieleza habari ya Sellah, ya kitambaa, ya dresa. Alipomaliza alimtoa Jentrix mgongoni, akamweka chini. "Nimekuja kuomba kijiti cha huyu."

Senge aliweka ungo. "Nitakukatia leo hii. Lakini akifika umri wake unamleta kwa fundi. Kijiti hakitangulii chuma cha fundi. Niahidi hapa mbele ya baba yako."

Kulikuwa na njia rahisi. Angeweza kuahidi, akapewa, akaondoka, na miaka mingi ingepita kabla ya kudaiwa ahadi. Alimtazama mtoto.

"Siwezi, senge. Nikisema ndiyo nitakuwa nakudanganya. Hatang'olewa."

"Basi mrudishe mgongoni uende naye."

Lenah alimfunga mtoto mgongoni. Fundo lilimshinda mara ya kwanza, akalifunga upya. Aliweka zawadi yake miguuni pa baba yake, kwa sababu ilikuwa imeshaletwa, akageuka kuondoka.

Wepukhulu aliyafungua yale majani ya mgomba. Alimega kidogo kwa ukucha, akaweka ulimini, akafumba macho.

"Ni tamu," alisema mwishowe. "Ni tamu kweli. Nilidhani ulipotea kwa ukaidi. Hii hata mimi ningeifuata."

Akainuka kwa shida, akachomoa panga kwenye paa, akashika njia ya mtoni.

"Wepukhulu!" senge alipaza sauti. "Hiyo si kazi ya mwanamume!"

"Basi njoo uniambie ninapokosea."

Senge alimfuata akilalamika mpaka mtoni, ati mdogo wake amerogwa, ati dunia imeisha. Lakini walipofika kwenye mti, Lenah nyuma yao, senge ndiye aliyemnyang'anya panga. Alimwonyesha Lenah gome lake, akamnusisha, akamtafunisha mpaka machozi yakamtoka kwa uchungu. Alimwonyesha tawi la kuchukua, lisiwe changa wala kuukuu. Alimfundisha Lenah kile ambacho angemfundisha akiwa msichana, mbele, ndani, mpaka kwenye magego, na kwa mtoto mchanga atafune mama mwenyewe kwanza, kisha asugue taratibu kwa ncha laini. Wepukhulu alikuwa amesimama majini.

"Chuma ulikikataa wewe," alimwambia Lenah, bila kumtazama. "Kijiti nilikunyima mimi. Nilikuwa na hasira."

Mdomo wa Lenah ulikuwa umejaa gome. Alisukutua, akatema. Pengine ilikuwa vyema hivyo.

Alipoaga alitaka kuirudisha ile sukari. "Iache," mzee alisema. "Mimi naenda mtoni kila siku."

Alirudi Kitale na vijiti, na vipandikizi vilivyofungwa kwa nguo mbichi, ambavyo alivipanda kando ya mtaro wa maji nyuma ya kambi. Vingi vilikufa. Vilivyoshika alivizungushia miiba. Kila asubuhi alimsafisha Jentrix, na Sellah akajifunza, akisugua polepole kupita penye mapengo. Kisha Lenah akafanya lililo gumu zaidi. Jumapili alipakata chungu cha sukari mapajani, na kila birika likapata kijiko kilichosawazishwa, basi.

"Mama Sellah," Mwihaki aliuliza, akichungulia kikombe chake, "hii chai umepika ama umeosha sufuria?"

"Ni chai."

"Ati chai! Bana, hata ng'ombe ya Mzungu inakunywa maji tamu kuliko hii. Kwani tumekukosea nini?"

Watu walicheka, na Lenah akacheka kwa mabega. Jumapili iliyofuata walikuja wachache. Wengine walihamia nyumba moja ya upande wa chini wa kambi, ambako sukari haikupimwa. Wanawake aliowaambia waache kitambaa walimuuliza kama yeye ndiye atakayejibu nyapara. Absalom hakulalamika, ila alisema kwamba nyumba imekuwa kubwa.

Kisha Manase akaja. Siku hizo alikuwa mwinjilisti mzee, akizunguka mashambani, na kila alipofika kambi nzima ilikusanyika uani kwa Lenah. Aliona vijiti vimechomekwa kwenye nyasi za paa. Alipohubiri hakumtaja jina, lakini alisema kuna watu waliotolewa gizani na sasa wanaleta miti ya ushenzi mpaka mahali pa sala, na wote waligeuka kumtazama. Alikuwa khocha wake. Alikuwa amemfungulia mlango siku alipokuja anakimbia.

Lenah alisimama.

"Khocha, zamani ulikuwa ukiniambia nisimame nicheke, watu waone. Niruhusu leo tena."

Lenah alitoa leso mdomoni, akaikunja, akaiweka begani. Kisha akafungua kinywa na kugeuka taratibu, upande huu na upande ule, ili hata waliokaa nyuma waone. Kwa miaka mingi hakuna mtu wa kambi aliyekiona kinywa kile, hata Mwihaki. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti, "Mama, meno yake yalienda wapi?" akanyamazishwa.

"Usimnyamazishe," Lenah alisema. "Anauliza vizuri. Haya mawili ya chini ndiyo mliyoniokolea, khocha, na nashukuru, sikuyataka yatoke. Haya mengine fundi hakuyagusa. Yaliondolewa na chai yangu. Niliipika mimi mwenyewe, nikanywa, nikawapa watoto wenu. Na kitambaa niliwafundisha mimi. Sellah, simama." Sellah alisimama na kovu lake. "Nyapara ni mkali, najua. Lakini huyu nusura nimzike."

Manase alikuwa ameweka mkono mdomoni mwake, na waliomtazama kwa karibu waliona kwamba mkono ule ulikaa hapo kwa mazoea, kama leso ya Lenah.

"Nipe hicho kijiti," alisema.

Alikinusa. Akatafuna ncha, na uso wake ukabadilika. "Nilikuwa nacho," akasema polepole. "Senge wangu alinipa. Nilikitupa siku ya ubatizo, pamoja na hirizi. Hakuna aliyeniagiza nikitupe."

Mwihaki ndiye aliyeinuka kwanza, akamvuta binti yake Nyaruai kwa mkono mpaka kwenye kigoda cha Lenah. "Ulitulisha ugonjwa, sasa tupe dawa yake. Wewe, fungua mdomo Mama Sellah aone." Nyaruai akafungua. Nyuma yake akasimama mwingine.

Si wote walioacha sukari, wala si wote walioshika kijiti. Wengine walipanga mstari Jumapili na Jumatatu kitambaa kikarudi shambani, na watoto wakaendelea kubebwa mjini na mashavu yaliyovimba, ingawa Wakhungu alimwambia Lenah kwamba kutoka kambi yao wanapungua. Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ilipowashuku Wakikuyu kwa uasi, akina Thuo walipakiwa kwenye lori pamoja na Wakikuyu wengine, warudishwe kwao. Mwihaki alipanda na godoro, na sufuria moja, na kitita cha vijiti kwapani. "Chai yako mbaya nitaikumbuka," alimwambia Lenah kutoka juu ya lori. Hakuna habari zao zaidi ya hapo.

Wepukhulu aliishi mpaka Jentrix akaota meno yote ya utu uzima. Lenah alimpeleka binti huyo Bokoli kwa ajili ya kuyaonyesha tu. Mzee, ambaye macho yalikuwa yamefifia, alimshika kidevu mjukuu wake, akamgeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole juu, akapitisha chini, pasipo pengo.

"Haya ndiyo uliyoniambia nije nione," alimwambia Lenah.

Mzee alizikwa kando ya zizi lake mvua za mwaka ule zilipoanza. Sellah ameolewa Kimilili, na watoto wake hawajui kitambaa. Jentrix anasomea ualimu. Hucheka kwa kurusha kichwa nyuma.

Miaka miwili iliyopita kifua cha Absalom kilimshinda, akaacha kazi. Lenah alikata vipandikizi vipya kwenye mtaro, akavifunga kwa nguo mbichi avipande waendako, akawaachia wanawake wa kambi birika na kigoda. Sasa anaishi Kanduyi, kwenye shamba la mume wake, katika nyumba ya nyasi iliyo upande wa chini wa barabara iendayo Bungoma.